Risasi kwa Rejareja

Tangu Januari tunauza risasi moja moja,
kama sigara, kama nyanya za jioni.
Boksi la kwanza nililipasua mwenyewe kwa wembe
na Badrudini akageuza uso,
maana baba yake, aliyefungua duka hili karibu na stesheni,
hakuwahi kuuza pungufu ya boksi zima,
hata kwa Bwana Shauri.

Mimi ni mwandika daftari. Nafasi saba kila mstari:
jina, kijiji, namba ya leseni, namba ya bunduki,
idadi, tarehe, dole gumba la kulia.
Askari huja mwisho wa mwezi kukagua.
Zamani alilowesha kidole akifunua kurasa.
Siku hizi anasoma ukurasa mmoja, anamaliza chai, anaondoka.

Wateja wanauliza. Nawaambia nilivyoambiwa:
nchi ya theluji iliyotengeneza bunduki zenu
imegombana na nchi zenye benki.
Fedha tulizotuma zimerudi na barua ya mistari miwili.
Makasha yetu yamelala bandari ya watu
ambayo hata jina lake hatujui kulitamka.
"Sasa mimi na ugomvi huo wapi na wapi?"
aliuliza Mhoja Lugembe wa Ipole,
ekari nne za karanga, mbili za mahindi,
na nguruwe-pori wasiosikiliza redio.

Bibi yangu kule Isevya hakushangaa.
Mji huu, alisema huku akipepeta mchele,
ulishanyimwa baruti kabla babu yake hajaota ndevu.
Wenye bunduki walikaa ng'ambo wakakubaliana nani asiwe nazo,
"na za kwao hawakuzitupa."
Kisha akaniuliza kama nimelipia umeme.

Mhoja alikuwa amebakiwa na tatu.
Moja aliipiga hewani, Machi. Nguruwe wakakimbia
hatua thelathini, wakasimama, wakageuka kumtazama.
Ya pili ililia tiki, basi. Unyevu.
Ya tatu aliiviringisha kitambaa akaificha kwenye debe la mbegu,
akawa analala shambani na mkewe Kalunde, wakipiga sufuria
mpaka sufuria ikatoboka.

Na Kapaya nani asiyemjua?
Huja dukani, hanunui, anauliza bei tu;
nikiitaja anatabasamu
kama mkulima aliyesikia tone la kwanza juu ya bati.
Yeye hangoji meli. Bomba la usukani wa lori bovu,
kipande cha mninga, usiku mmoja wa mivukuto,
na gobore limezaliwa: halina namba,
halina nafasi katika daftari langu.
Vikwazo vya huko mbali vimemletea wateja wenye leseni safi,
watu wa kwaya, watu wa ushirika wa asali.

Usiku wenyewe siusimulii. Sikuwepo.
Najua tu kwamba Kitete, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani,
Mhoja alininyooshea bandeji
akasema nguruwe alikuwa karibu, karibu kama mlango ule,
na bomba likaamua kufungukia nyuma.

Septemba imeingia shehena ndogo ya nchi nyingine,
risasi nyekundu, nyepesi, bei mara tatu.
Rejareja hatujaiacha.
Leo kaja. Vifungo vya shati vimepishana tundu.
Anataka mbili.

Nimeandika jina. Kijiji. Namba, namba.
Mbili. Tarehe.
Nikafika nafasi ya saba, kalamu ikasimama.
Badrudini akaanza kuhesabu chenji
aliyokwisha kuihesabu.

Nikalikata neno kulia, juu yake nikaandika kushoto,
nikamsogezea kidau cha wino.
Akabonyeza taratibu,
kama mtu anayepima joto la kikaango.